Mshiko Unaosamehe Mishale

Upinde wa kisasa wa kufunguliwa una vipande vitatu: mabawa mawili yanayopinda, na kipande cha katikati ambacho hakitakiwi kupinda hata kidogo. Hicho ndicho mshiko. Kiganja hukaa hapo, mshale huegemea hapo, na mabawa hufungwa hapo kwa bolti. Pinde nyingi za mbao zinazouzwa Ulaya na Marekani zina mshiko uliochongwa kwa padauk, bubinga au wenge, na yote hiyo ni miti ya misitu ya Afrika ya Kati. Mtu wa Kasongo au Kabambare, katika mkoa wa Maniema nchini Kongo, anayetaka upinde wa shabaha kwa fedha kidogo ana njia mbili: anunue mshiko, au ampelekee seremala gogo kavu. Kwa vyovyote inambidi kwanza aelewe kazi ya kipande hicho.

Upinde wenyewe si mgeni katika nchi hii. Ukitoka Kabambare kuelekea kusini, unaingia nchi ya Wahemba na Waluba. Kwa Waluba, mfalme alikuwa na kiegemeo cha upinde chenye panda tatu, mara nyingi kikiwa na sanamu ya mwanamke chini yake, nacho kilihifadhiwa ndani, mbali na macho ya watu. Masimulizi yao humtaja Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, kuwa chanzo cha ukoo wa kifalme. Pinde za zamani zilikuwa ufito mmoja tangu ncha hadi ncha. Mshale ulipita ubavuni mwa ufito huo, na hapo ndipo penye fizikia ya kuvutia kuliko yote.

Uzi ukiachiwa, unakimbilia katikati ya upinde. Mshale hauwezi kupita katikati, kwa sababu ufito umeziba njia. Ukiutazama ulivyokaa umeelekea pembeni, ungesema utakwenda upande, lakini unakwenda palepale ulipolengwa. Mwanafizikia Mmarekani Clarence Hickman alipiga picha za kasi kubwa katika miaka ya 1930, zikaonyesha kinachotokea: mshale unajikunja kama samaki anayeogelea, unauzunguka mshiko bila kuugonga, kisha unaendelea kujikunja na kujinyoosha hewani hadi utulie. Ili hilo litimie, ulaini wa mshale sharti ulingane na nguvu ya upinde. Mshale mgumu mno hutupwa upande mmoja, na mlaini mno hutupwa upande wa pili.

Anayenunua mishale ya kiwandani hana shida hiyo, maana kumi na miwili yote ina ugumu mmoja. Anayejitengenezea kwa matete, mianzi au vijiti vilivyochongwa kwa kisu anayo, na ni kubwa. Hakuna matete mawili yanayopinda sawasawa. Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloliangalia katika mshiko wa bei nafuu ni kina cha dirisha, yaani pengo lililokatwa ubavuni ili mshale upite. Dirisha likifika kwenye mstari wa kati, au likiupita kwa milimita chache, mshale hauhitaji kujikunja sana ili kutoka, na tofauti ya ugumu kati ya mshale na mshale hupungua uzito wake. Mshiko ambao dirisha lake ni la juujuu unaweza kuwa mzuri wa kutazama, lakini utakudai mishale ya gharama. Mwenye fedha chache ahesabu mishale pamoja na upinde.

Dirisha la kina lina gharama yake: linaondoa mbao mahali panapobeba mzigo mkubwa. Chukua upinde wa ratili 40, yaani nguvu ya kilo 18 hivi. Ukiuvuta hadi kidevuni, mshiko unapindwa kwa nguvu inayokaribia ile ya kuning'iniza kilo 9 mwishoni mwa fimbo ya mita 1 iliyobanwa ukutani. Mbao ngumu inaihimili nguvu hiyo bila tabu, mradi nyuzi zake zikimbie kufuata urefu wa mshiko. Ila mbao ikivutwa kukata nyuzi, uimara wake hushuka mara 10 au zaidi. Mshiko ukivunjika, kwa kawaida chanzo ni nyuzi zilizokatiza mshazari dirishani, fundo lililojificha, au tundu la bolti lililotobolewa karibu mno na ukingo. Jina la mti lina uzito mdogo kuliko hayo.

Hata hivyo jina la mti halikosi maana. Mninga wa misitu ya miombo haujikunji sana unapokauka, nayo ni sifa adimu. Padauk ni nzito kidogo zaidi, na wenge ni nzito zaidi ya hizo. Uzito huo unasaidia: mshiko wa kilo 1 hukataa kuyumba pale vidole vinapoachia uzi, ilhali mwepesi hufuata kila mtetemo wa kifundo cha mkono. Miti hii inafuatiliwa kimataifa. Aina kadhaa za bubinga ziliingizwa katika orodha ya biashara inayodhibitiwa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwanzoni mwa 2017, na mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukaongeza jamii ya padauk na mninga ya Afrika. Haimaanishi kwamba mbao hizo ni marufuku kuvuka mipaka, ila zinahitaji vibali. Kipande cha sentimita 50 kinachobaki kwa seremala baada ya kutengeneza kitanda hakimalizi msitu, na ndicho ningekitafuta.

Tena kile cha zamani kuliko vyote. Mbao mbichi ina maji mengi, na kanuni ya mafundi ni mwaka mzima wa kukausha kivulini kwa kila sentimita 2.5 za unene. Mshiko unahitaji unene wa sentimita 5 na zaidi. Mguu wa kitanda uliovunjika au fremu ya mlango iliyokaa nyumbani miaka 20 imeshamaliza kazi hiyo. Ukichonga mbao isiyokauka, katika joto na unyevu wa Maniema mshiko utajisokota baada ya matundu kutobolewa.

Kujisokota huko ndiko kunakoua shabaha. Bawa hukalia kitako cha urefu wa sentimita 6 hivi. Kitako kikikosea milimita 1 kwenda kando, ncha ya bawa iliyo sentimita 60 mbele itakuwa imehama sentimita 1 nzima, na uzi hautapita tena katikati. Kwa sababu hii siamini mshiko wowote, wa dukani au wa seremala, kabla ya kuupima. Funga mabawa, tia uzi, simama nyuma ya upinde na ufumbe jicho moja: uzi uyagawe mabawa yote mawili katikati, na uangukie katikati ya mshiko. Ukiegemea upande, kipande cha bati la kopo chini ya ukingo mmoja wa bawa huweza kurekebisha.

Kwa anayenunua, Sage ya kampuni ya Samick ya Korea ndiyo iliyowafungulia wengi mlango: upinde wa inchi 62, mshiko wa mbao, mabawa ya kufunga kwa bolti, na bei iliyokuwa haifiki dola 200. Watengenezaji wengine wameuiga mpangilio wake wa matundu, kwa hiyo bawa likivunjika si lazima ungoje kampuni ileile. Mishiko ya aluminiamu yenye kifungo cha ILF, kilichoanzia kwa Hoyt wa Marekani, inapokea mabawa ya kampuni nyingi na huruhusu kurekebisha nguvu ya upinde kwa bolti. Ila rangi na nembo hazipeleki mshale mbali. Ukiwa na fedha za kimoja tu, ziweke katika mabawa: bawa lenye tabaka za mbao na nyuzi za kioo ni gumu kuiga katika karakana ya Kasongo, na mshiko unachongeka.

Usiupake mshiko mafuta ya mawese. Hayakauki, hubaki yakinata, hukusanya vumbi na kulegeza mshiko wa kiganja. Vanishi ya kawaida, mikono miwili au mitatu, ikiwemo ndani ya matundu ya bolti, inazuia unyevu vizuri zaidi.

Siku ya kwanza vuta kidogo kidogo, robo, kisha nusu, mara nyingi, ukiwa umeugeuza uso pembeni, ndipo uvute hadi mwisho. Usiachie uzi bila mshale, maana nguvu ambayo ingeondoka nao hurudi yote katika mabawa na mshiko. Ukisikia mlio wa kupasuka, fungua bolti papo hapo na utazame kona ya chini ya dirisha na ukingo wa matundu kwenye mwanga mkali. Ufa ukionekana, hata wa unene wa unywele, usiuzibe kwa gundi; toa mabawa yakiwa mazima na umpelekee seremala mbao nyingine.