Kwaresima: Tunafunga Nini Hasa?



Kila ikikaribia Jumatano ya Majivu huwa naulizwa maswali yaleyale, na wanaouliza si Waislamu peke yao. Hata vijana wetu waliozaliwa huku Uingereza wanauliza: mbona mnasema siku 40 na kalenda inaonyesha 46? Mbona tarehe hazitulii? Na kuacha chokoleti ndiko kufunga? Naomba nijibu kwa kufuata mapokeo ya Kikatoliki niliyokulia.

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, quadragesima, yaani "ya arobaini". Ni siku ambazo Yesu alifunga jangwani, na nyuma yake ipo miaka 40 ya Waisraeli nyikani. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Jumapili sita, zinabaki 40, kwa sababu Jumapili ni sikukuu ya Ufufuko, haifungwi. Tarehe zinahama kwa kuwa Pasaka inafuata mwezi: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake.

Sheria ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Siku za lazima za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili na viwili vidogo. Siku hizo, pamoja na Ijumaa zote za Kwaresima, nyama hailiwi. Kufunga kunawahusu wenye miaka 18 mpaka wanapotimiza 59. Mimi mwakani natimiza hiyo 59, kwa hiyo sheria inaniachia!

Lakini chakula ni figa moja tu kati ya matatu. Mengine ni sala na sadaka, na chungu hakikai juu ya figa moja. Jambo la kushangaza ni kwamba Injili inayosomwa siku ileile ya majivu, Mathayo sura ya 6, inatuagiza tunawe uso tunapofunga ili watu wasijue. Tunaisikiliza, halafu tunapanga foleni kupakwa majivu kwenye paji la uso! Nadhani hapo ndipo penye fundisho. Majivu ni ya kukukumbusha wewe kwamba utakufa, si ya kumwonyesha jirani kwamba umefunga.

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, mwanzoni mwa Machi. Jirani yangu, mtu wa Unguja, aliniletea futari jioni moja akaniuliza, "Nanyi mumefunga nini, Daktari?" Nikamjibu kwa fahari: sukari kwenye chai. Akacheka, akasema, "Na yule mdogo wako mushasemezana?"

Nilinyamaza. Alijua habari zetu. Miaka mitatu mimi na mdogo wangu hatukuwa tunazungumza kwa sababu ya kihamba cha marehemu baba kule Moshi. Kila Kwaresima nilikuwa naacha sukari, napungua kilo mbili tatu, na Pasaka inanikuta na kinyongo kilekile. Isaya 58 inawakemea hasa watu wa namna hiyo, wanaofunga huku wakigombana. Nimeisoma sura hiyo kwa lugha nne, lakini ilibidi Mwislamu mwenye sahani ya futari ndiye anisomeshe.

Nilipiga simu Ijumaa iliyofuata. Tuliongea habari za mvua, migomba, na kaburi la mama linalohitaji kujengewa. Kihamba mpaka leo hatujagawana, ila simu zinapokelewa.

Kwa hiyo vijana wakiniuliza tena, jibu langu ni hili: acha sukari ukipenda, na pesa yake mpe mwenye shida. Lakini kwanza jiulize ni nani ambaye hujampigia simu.

Nawatakieni Kwaresima njema.