Senema na Majonzi ya Nyumba Zetu

Yako mambo ambayo hotuba haiwezi kuyafikisha moyoni. Hotuba hutaja idadi ya waliokufa. Senema humwonyesha mjane akirudi katika nyumba iliyovunjwa, asijue aanze na lipi.

Ndivyo alivyofanya Bibi Judy Kibinge wa Kenya katika "Something Necessary" ya mwaka 2013. Habari yake ni ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,000. Mama aitwaye Anne amefiwa na mumewe, mwanawe yu hospitali, shamba lake limeharibiwa. Upande wa pili yuko kijana aliyekuwa pamoja na waharibifu, naye dhamiri yamsuta. Kadhalika "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, yaonyesha jinsi siasa za Unguja chini ya Waingereza zilivyoingia katika maisha ya binti Yasmin aliyeikimbia ndoa yake.

Basi twauliza, ndugu wasomaji: je, Ruaruke na Rufiji yote haina habari za namna hii? Wazee wa huku walirithi masimulizi ya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Baada ya mafuriko ya 1968, wakulima wa bondeni walihamishwa wakaacha madungu yao, wakapelekwa vijiji vipya vya nchi ya juu. Na hapo karibuni, miaka ya 2016 na 2017, viongozi wa vijiji na wa chama waliuawa Kibiti na Rufiji. Aprili 13, 2017 askari polisi 8 waliuawa siku moja.

Novemba 21 mwaka huo huo, mwandishi Azory Gwanda, aliyeandika habari za mauaji hayo, alichukuliwa na watu wasiojulikana. Alipitishwa shambani kwa mkewe, akamwuliza ulipo ufunguo wa nyumba. Hajarudi.

Sisi hatutamani senema ya milio ya bunduki. Twataka senema ya ufunguo huo: ya mke angojaye, ya watoto waulizao, ya yatima wa kiongozi wa kitongoji na yatima wa askari wakikaa dawati moja.

Wako watakaosema kwamba kuyaonyesha hayo ni kutonesha kidonda. Twawajibu kwa maneno ya wahenga: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wanachama na wafanyakazi wasiogope kuketi gizani pamoja na kuitazama huzuni ya jirani. Atakayeitazama leo, kesho hatakubali kuirudia.