Si kiburi wala utundu: Huenda mwanao ana hali ya Asperger

Na MWANDISHI WETU

CHUKUA mfano wa mvulana wa miaka sita anayeishi na wazazi wake katika mtaa wa Buruburu, Nairobi. Alianza kuzungumza mapema kuliko dada yake, na tangu akiwa na miaka mitatu anasoma nambari za matatu. Muulize 58 huenda wapi, 46 wapi na 111 wapi, naye atakujibu bila kusita: Buruburu, Kawangware, Ngong. Ukimpa nafasi atakutajia na nyingine zote, kituo baada ya kituo, hata ukiwa umeshamgeuzia mgongo.

Lakini mvulana huyu huyu hana rafiki hata mmoja. Mgeni akiingia nyumbani, hamwamkui wala hamtazami usoni. Mama akipita njia nyingine anapompeleka shuleni, analia hadi anatapika. Kengele ikigongwa, anaziba masikio na kujificha chini ya dawati.

Siku moja mwalimu alimkasirikia akamwambia, "Ukirudia tena utanitambua!" Mtoto akajibu kwa upole, "Lakini mwalimu, ninakutambua." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaona amedharauliwa, na mtoto akaadhibiwa kwa kosa ambalo mpaka leo halijui.

Mzazi, ungesema mtoto huyu ana kiburi? Majirani watasema hivyo. Shangazi atasema mama amemdekeza. Nyanya naye atasema babake alikuwa vivyo hivyo, na huenda akawa amekaribia ukweli kuliko wote.

Hali yenyewe ni ipi?

Mnamo 1944, daktari wa watoto wa mji wa Vienna, Hans Asperger, aliandika kuhusu wavulana waliozungumza kama watu wazima lakini wakashindwa kabisa kucheza na wenzao. Mwaka mmoja kabla yake, Leo Kanner wa Marekani alikuwa ameandika kuhusu watoto wenye usonji. Maandishi ya Asperger yalikuwa ya Kijerumani na hayakusomwa sana hadi 1981, wakati Lorna Wing, daktari Mwingereza ambaye mwenyewe alikuwa mama wa binti mwenye usonji, alipoyaeleza kwa Kiingereza na kuieneza hali hiyo kwa jina la Asperger.

Katika mwaka wa 1994 jina hilo liliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Hata hivyo, lilitolewa 2013, baada ya wataalamu kuona kwamba hakuna mpaka ulio wazi kati yake na usonji. Shirika la Afya Duniani nalo lilifuata, na mwongozo wake mpya ulianza kutumika 2022. Isitoshe, utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba Asperger alishirikiana na utawala wa Nazi, na kwamba alipeleka watoto walemavu katika kliniki ambako watoto kama hao waliuawa. Kwa sababu hiyo wengi hawataki tena kulitumia jina lake.

Kwa hivyo, mzazi, usishtuke daktari akiandika "usonji" mahali ulipotarajia "Asperger". Usonji ni hali pana. Kuna asiyesema neno maishani mwake, na kuna anayezungumza bila kunyamaza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 mtu mmoja kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji.

Dalili za kuangalia

Kinachowapotosha wazazi wengi ni ulimi wa mtoto. Mtoto wa aina hii hachelewi kusema, na mara nyingi ana akili ya kawaida au hata zaidi. Basi nani atafikiri kwamba ana shida? Angalia mambo haya:

• Huzungumza kwa urefu kuhusu jambo moja alipendalo, kama vile magari, sayari au dinosau, bila kutambua kwamba anayemsikiliza amechoka.

• Huchukua maneno jinsi yalivyo. Mwambie "nakuja sasa hivi", naye ataanza kuhesabu dakika. Mizaha, mafumbo na kejeli humpita.

• Hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule: kikombe kile kile, kiti kile kile, njia ile ile.

• Hutaka kucheza na wenzake lakini hajui aanzie wapi, au huwapa amri tu.

• Sauti, harufu, taa au nguo fulani humuudhi kupita kiasi. Lebo ya shati shingoni yaweza kumharibia siku nzima.

• Huwa mzito wa kufunga vifungo, kudaka mpira au kuandika.

Dalili moja pekee haitoshi. Kila mtoto ana siku za ukaidi, na wengine ni wenye haya tu. Tazama kama dalili ni nyingi, kama zimekuwapo tangu utotoni, na kama zinamzuia kuishi vyema nyumbani na shuleni.

Wenye mabinti nao wasijipe moyo kwamba hili ni jambo la wavulana. Wasichana wengi huwaiga wenzao na kuificha shida yao, wakionekana wapole tu darasani, kisha hulipuka kwa kilio wafikapo nyumbani.

Mama si wa kulaumiwa

Kuna wakati wataalamu wa ng'ambo walidai kwamba usonji huletwa na mama asiyempenda mtoto wake. Dai hilo lilitupiliwa mbali zamani, ila kwetu bado linazunguka kwa sura nyingine: mama ametupiwa jicho, mama anafanya kazi mno, mama ameachia televisheni imlelee mtoto. Yote hayo si kweli. Hali hii huanza kabla ya mtoto kuzaliwa, na kwa kiasi kikubwa hurithiwa katika ukoo. Si ajabu baba kuketi mbele ya daktari akajibu maswali kuhusu mwanawe na kujiona mwenyewe.

Chanjo pia hazina hatia. Makala ya 1998 ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield yaliyoihusisha chanjo ya surua na usonji yalifutwa na jarida lililoyachapisha mnamo 2010, naye akapokonywa leseni ya udaktari mwaka huo huo. Mzazi anayemnyima mwanawe chanjo hamkingi na usonji. Anamweka tu katika hatari ya kupata surua.

Pa kupata msaada

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa itakayokuambia kwamba mtoto ana hali hii. Mtaalamu humtazama mtoto, hucheza naye, na huwauliza wazazi na walimu maswali mengi. Kwa hivyo, kabla ya kwenda, andika katika daftari yale unayoyaona: lini analia, nini kilitangulia, nini kilimtuliza. Daftari hilo litamsaidia daktari sana.

Anza kwa daktari wa watoto. Aidha, kuna vituo vya kutathmini watoto ambavyo serikali ilianza kuvifungua 1984 ili kuwasaidia wenye mahitaji maalumu katika elimu. Ulizia kilicho karibu nawe katika afisi ya elimu. Jijini Nairobi kuna pia Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani.

Jihadhari na anayekuahidi kumponya mtoto, awe anauza dawa za mitishamba, vidonge vya ng'ambo au lishe ya bei ghali. Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Lipo lakini la kufanya. Kuna wataalamu wa kumfunza mtoto mazungumzo ya watu wawili, na wengine wa kumzoesha sauti zinazomtisha na kazi za mikono. Daktari aweza kutoa dawa kwa shida zinazoandamana na hali hiyo, kama wasiwasi mwingi au kukosa usingizi.

Nyumbani na shuleni

Mengi ya kufaa hayahitaji pesa. Chora ratiba ya siku kwa picha uibandike ukutani: kuamka, chai, shule, mchezo, kulala. Patakapokuwa na mabadiliko, mwambie mapema. "Leo hatutapanda 58. Tutaenda na baba kwa gari lake."

Sema unachotaka moja kwa moja. Badala ya "Hebu kuwa na adabu," mwambie, "Mgeni akija, sema 'Hujambo', kisha unaweza kwenda kucheza." Asipomtazama mgeni machoni, mwache. Wengi wao husikiliza vizuri zaidi wakiangalia kando.

Jifunze kutofautisha ukaidi na kulemewa. Mtoto mkaidi hulia huku akikuchungulia aone kama utampa peremende, nawe ukimpa hunyamaza. Mtoto aliyelemewa na makelele ya soko hatakuchungulia, na peremende haitamnyamazisha. Huyo mwondoe hapo umpeleke pahali pa utulivu. Kumchapa ni kuongeza moto juu ya moto.

Kile akipendacho usikipige vita. Kijana wetu wa Buruburu alikuwa akikataa hesabu. Mzazi mwerevu atamwuliza: matatu yenye viti 14 ikibeba abiria 9, viti vingapi viko wazi?

Ukipata nafasi, nenda ukazungumze na mwalimu. Usiende kugombana. Mweleze kwamba mtoto hatanii, na umwombe mambo mawili au matatu tu: aketi mbele, aelezwe kabla kengele haijagongwa, asiitwe mjinga mbele ya wenzake. Walimu wengi hawajawahi kuelezwa. Na ikifika kwenye kiboko, kumbuka kwamba adhabu hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001.

Usimsahau dada yake pia. Yeye huona mama hana wakati naye, na shuleni huchekwa kwa sababu ya ndugu yake. Mtengee saa yake, na umweleze ukweli kwa maneno anayoyaweza.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Huenda usiku fulani ukalia, ukijiuliza nani atamtunza ukiwa umeondoka duniani. Swali hilo ni la haki, na jawabu lake huanza leo, kwa kumfundisha jambo moja dogo ambalo jana hakuliweza. Wengi wenye hali hii wamekua wakasoma, wakafanya kazi na kuoa au kuolewa.

Na yule mwalimu? Angemwuliza mtoto tu, "Umeelewa nilichosema?", angegundua kwamba mbele yake hakuwa na mwanafunzi mwenye dharau. Alikuwa na mtoto aliyejibu swali kwa ukweli wote aliokuwa nao.