Barua ya Ofisi Isikae Mfukoni mwa Mtu

Ndugu wanavikundi, tukiwatembelea huko Thika na Ruiru tunaulizwa swali moja mara kwa mara: "Afisa ametuambia maombi yetu tuyatume kwa baruapepe yake mwenyewe. Je, ni sawa?" Tumeona heri tulijibu hapa ili vikundi vyote vifaidike.

Masanduku mawili

Anwani ya baruapepe ni kama sanduku la posta. Kuna sanduku la ofisi na kuna sanduku la mtu. Anwani za serikali ya Kenya huishia na go.ke, zile za Kaunti yetu ya Kiambu huishia na kiambu.go.ke. Anwani ya mtu binafsi mara nyingi huishia na gmail.com au yahoo.com. Ya kwanza ni mali ya ofisi. Afisa akihamishwa, anayemfuata huzikuta barua humo. Ya pili ni yake. Akipelekwa Lodwar, anaenda nayo, na maombi yenu ya maji yanaenda nayo pia.

Hatusemi kila afisa anayetumia anwani yake ni mwizi. Pengine mtandao wa ofisi umekufa, au hakupewa anwani ya kazi. Lakini hata mweka hazina mwaminifu hatumruhusu kuchanganya pesa za kikundi na zake kwenye laini moja ya simu, si ndiyo? Zikichanganyika, nani atajua zipi ni zipi?

Hata wakubwa wamenaswa

Scott Gration alikuwa balozi wa Marekani hapa Kenya kuanzia 2011. Alilelewa Kongo na Kenya, na Kiswahili anakijua. Agosti 2012 wakaguzi wa wizara yake walitoa ripoti iliyomlaumu kwa mambo mengi ya uongozi. Mojawapo ni kwamba alifanya kazi ya serikali kwa baruapepe ya kibinafsi, hata akaagiza mtandao wa nje uwekwe katika bafu la ofisi yake ubalozini Nairobi. Alikuwa ameshatangaza kujiuzulu Juni mwaka huo.

Basi mwaka 2015 ikajulikana kwamba aliyekuwa mkubwa wake, Hillary Clinton, waziri wa mambo ya nje kutoka 2009 hadi 2013, naye alitumia anwani ya kibinafsi muda wote huo. Alirudisha barua kama 30,000 za kazi. Nyingine nyingi zilifutwa, ikisemwa ni za nyumbani. Baadaye wapelelezi walipata maelfu ya barua za kazi ambazo hazikuwamo katika zile alizorudisha. Hakushtakiwa. Lakini mnaona shida: mtu mmoja ndiye aliyeshika ufunguo, na mtu huyo huyo ndiye aliyechagua kipi kionekane.

Sheria yetu inasemaje?

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaziagiza ofisi za umma kutunza kumbukumbu zao vizuri. Pia inasema:

- Unaweza kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika anasaidiwa na afisa.
- Kuomba hakulipiwi. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu.
- Jibu litolewe ndani ya siku 21. Kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, saa 48.
- Ombi likishaletwa, ni kosa kuficha au kuharibu kumbukumbu ili zisitolewe.

Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Ombudsman.

Lakini haki hii inahitaji karatasi. Kama barua haimo katika faili, karani atakwambia hajaiona, na atakuwa anasema kweli.

Kikundi kifanye nini?

1. Mwulizeni afisa kwa heshima: "Mheshimiwa, anwani ya ofisi ni ipi?"
2. Kama hana nyingine, tumeni kwake na nakala kwa mkubwa wake.
3. Pelekeni pia barua ya karatasi. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.
4. Mkiambiwa jambo kwa simu, katibu aliandike katika kitabu: nani, lini, nini.
5. Msitume ovyo picha za vitambulisho vya wanachama. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda habari za mtu.

Maswali ya kujadiliana

- Barua tulizopeleka serikalini mwaka uliopita ziko wapi? Tuna nakala ngapi zenye muhuri?
- Katibu wetu akihama leo, je, kumbukumbu za kikundi zitabaki, au zimo katika simu yake?

Tuanze na hilo la pili. Tukishapanga nyumba yetu, tutakuwa na nguvu ya kumwuliza jirani.