Mbuzi Ametupa Mimba? Usiguse kwa Mikono Mitupu!

Kijana mwenzangu, tuseme mvua imenyesha wiki tatu mfululizo. Malambo yamejaa, nyasi zimefika magotini, nyumbani kila mtu anafurahi. Mara mbuzi mmoja anatupa mimba. Kesho yake wawili. Keshokutwa ni kondoo watano, na vitoto vinakufa ovyo. Mzee anakwambia, "Hebu ondoa hivyo vitu zizini." Unainama, unaviokota kwa mikono. Hapo hapo unaweza kuwa umeshaambukizwa homa ya Bonde la Ufa.

Kirusi cha ugonjwa huu kilitambuliwa mwaka 1931, kondoo walipokuwa wakifa katika shamba moja la Bonde la Ufa nchini Kenya. Utauliza: mbona miaka mingi inapita bila kuusikia, kinajificha wapi? Kipo ardhini. Kuna mbu wa jamii ya Aedes ambao hutaga kwenye tope la mbuga, yale mabonde yanayojaa maji wakati wa mvua. Maji yakikauka, mayai hubaki udongoni miaka na miaka bila kufa, na baadhi yake yana kirusi tayari kutoka kwa mama yao. Mvua ndogo haiyaamshi yote. Lakini mafuriko yakituama, yanaanguliwa kwa wingi. Mbu hao wanauma mifugo, kisha mbu wa aina nyingine wanaozaliana kwenye maji hayo hayo wanausambaza.

Ndivyo ilivyokuwa Garissa, Kenya, wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998. Ikarudi mwishoni mwa 2006. Hadi katikati ya 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa Kenya na zaidi ya 100 Tanzania, wengi wao Dodoma na Morogoro.

El Nino si kitu kipya, hata babu zetu waliipata. Kilichobadilika ni joto. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 tu hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na Bahari ya Hindi nayo imepata joto. Basi mvua ikiamua kushuka, inashuka kwa kishindo, na wataalamu wanategemea mvua za namna hiyo ziongezeke Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya moshi ulioleta joto hilo haikutoka kwetu. Inauma, lakini mbu hajali.

Mwaka 2006 wataalamu waliotumia picha za setelaiti walitoa tahadhari wiki kadhaa kabla wagonjwa hawajaonekana. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba mvua za vuli zitazidi kiasi, usifikirie mahindi tu. Mwulize bwana mifugo kuhusu chanjo mapema. Ugonjwa ukishaingia, kuchanja zizi zima kwa sindano moja kunaweza kuueneza. Sisi binadamu bado hatuna chanjo ya kupewa.

Najua ugumu ulipo. Mnyama anayeumwa ni ada ya shule, ndiyo maana watu husema, "Tumchinje kabla hajafa." Jamani, hapo ndipo penye hatari kubwa! Watu wengi huambukizwa kwa damu na majimaji ya mnyama kuliko kwa mbu. Usichinje, usichune, usinywe damu. Mimba iliyotupwa ishike ukiwa na glavu, ifukie chini sana, kisha unawe kwa sabuni. Maziwa yachemke, nyama iive kabisa.

Homa huanza siku 2 hadi 6 baadaye, pamoja na maumivu ya kichwa na misuli. Wengi hupona. Wachache hutokwa damu, huchanganyikiwa au hupoteza uwezo wa kuona. Mwanzoni unafanana sana na malaria. Kwa hiyo ukifika zahanati usiseme tu "nina homa". Mwambie mganga kwamba mifugo yenu inatupa mimba, na kwamba uliigusa.