Rangi Iliondoka, Kodi Ikabaki

Mvua ikinyesha Nairobi, viatu vyako vinatangaza unakoishi kabla hujafungua mdomo. Ukitoka Kilimani, Lavington au Muthaiga, tope utakalobeba hadi tao ni jekundu. Ukitoka Kayole, Embakasi au Mukuru, ni lile jeusi, zito, linalonata kwenye soli mpaka unahisi umevaa viatu viwili kwa mguu mmoja. Udongo mwekundu unanyonya maji. Ule mweusi unayashikilia, na mafuriko ya 2024 yalipofika Mukuru yaliwakuta watu tayari wanaishi mahali maji yanapenda kukaa.

Umezoea kuona hiyo kama bahati. Wenye doo wanakaa juu, sisi wengine tunakaa chini, ndiyo maisha. Lakini ramani hii ina waliyoichora, na tarehe zake zinajulikana.

Reli ilifika hapa 1899. Wazungu wakachukua vilima vya magharibi na kaskazini, kwenye hewa safi na udongo mwekundu. Wahindi wakasukumwa Ngara na Parklands. Mwafrika akapewa upande wa mashariki, karibu na reli, viwanda na maji taka. Mwaka wa 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba Wahindi hawatatengwa tena kwa sheria katika makazi ya mijini. Ukadhani mambo yamekwisha? Hati za viwanja zikaandikwa masharti kwamba Mwasia au Mwafrika haruhusiwi kuishi hapo, isipokuwa kama mtumishi. Pangani, ambayo wakati huo ilikuwa kijiji cha Waafrika chenye nyumba zao wenyewe, ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Na mwanamume yeyote Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitembea na kipande, karatasi yenye alama za vidole na historia yake ya kazi, ndani ya kijisanduku cha chuma alichoning'iniza shingoni.

Halafu kuna mpango mkuu wa jiji wa 1948. Huo ndio unaonishangaza kuliko yote. Uliandaliwa na timu ya wataalamu kutoka Afrika Kusini, mwaka ule ule ambao chama cha apatheidi kilichukua serikali kwao. Na wataalamu hao waliandika kwamba wao hawana upande katika suala la kutenganisha rangi. Wanafuata tu kanuni za kupanga miji na mahitaji ya binadamu. Kisha wakachora jiji ambalo wafanyakazi wanakaa mashariki, karibu na viwanda, na wenye bustani wanabaki magharibi. Hawakuhitaji kutaja rangi. Kila mtu alijua mfanyakazi ana rangi gani.

Sasa jiulize kwa nini. Jibu tulilopewa shuleni ni kwamba mkoloni alikuwa mbaguzi, alituchukia, basi. Ni kweli, alikuwa mbaguzi. Lakini mtu akikuchukia kabisa si angekufukuza tu? Huyu alikutaka mjini asubuhi na hakukutaka mjini jioni. Chuki ya namna hiyo ina hesabu ndani yake.

Hapa ndipo Wamaksi wanapoingia. Tulia, sikuletei mambo ya bendera nyekundu na nyundo. Nataka umjue jamaa mmoja, Harold Wolpe, wakili mkomunisti wa Johannesburg, Mzungu. Mwaka wa 1963 alikamatwa kwa siasa za kupinga apatheidi, akatoroka kituo cha polisi na wenzake watatu baada ya kumhonga askari, na yeye na mwenzake mmoja wakavuka mipaka wamevaa kama mapadre. Filamu kabisa. Alifika Uingereza akawa mwanasosholojia, na mwaka wa 1972 akachapisha makala iliyouliza swali hilo hilo: ubaguzi wa rangi unamlipa nani?

Jibu lake ukilivua lugha ya wasomi ni hili. Mfanyakazi ana gharama. Lazima ale, alale, azae, watoto wakue wawe wafanyakazi wa kesho, na akizeeka au akiugua mtu amlee. Kwa kawaida mshahara unapaswa kubeba hayo yote. Lakini mgodi wa Afrika Kusini ulimlipa mwanamume kama mtu mmoja tu asiye na familia, kwa sababu mkewe, watoto na wazee walikuwa vijijini, kwenye ardhi waliyotengewa, wakijilisha wenyewe. Akivunjika mgongo anarudishwa huko. Kutenganisha watu kwa rangi ndiko kulikouweka mpango huo mahali pake: kijiji huku, mgodi kule, na pasi katikati. Na vijiji vilipochoka, udongo ukaisha nguvu na watu wakaanza kumiminika mijini wakidai mshahara wa kweli, apatheidi ikaja na mkono mzito zaidi ili bei ya mfanyakazi isipande.

Lete hesabu hiyo Nairobi uone kama haikai. Kodi ya kibanda ilimlazimu babu ya babu yako atafute pesa taslimu. Kwa miaka mingi Waafrika wengi walizuiwa kulima kahawa, ili pesa hiyo isipatikane shambani kwake. Kipande kilihakikisha akikimbia kazi anapatikana. Na chumba alichopewa mjini kilikuwa cha kapera, mara nyingi wanalala kadhaa, choo cha pamoja, hata kama ana mke na watoto watano Kakamega au Murang'a. Haya si maneno ya Wamaksi peke yao. Mwaka wa 1954 kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilikiri kwamba mshahara wa Mwafrika ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya kapera, ikashauri upimwe kwa familia. Serikali ilikubali kwa sehemu tu.

Kwa hivyo nyanya aliyebaki ushago akilima, akizaa na akiuguza wagonjwa alikuwa akimsaidia mwajiri wa mumewe kulipa mshahara. Hakuna aliyemwandika kwenye daftari lolote.

Nilipoelewa hivyo mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda. Lakini usimeze nadharia yote. Kuna Wamaksi watakaokuambia rangi ni koti tu, ukilivua unakuta tabaka, basi tusizungumzie rangi. Hapo nakataa. Koloni haikumfungia Mwafrika maskini peke yake. Hata daktari Mwafrika mwenye pesa hangeweza kuhamia Muthaiga. Katika utumishi wa serikali, baada ya tume ya Holmes ya 1948, asiye Mzungu alilipwa sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Cheo kimoja, dawati moja, ngozi tofauti. Ukisema hiyo ni tabaka tu, utakuwa umeruka kitu ambacho aliyekuwa kwenye dawati alikihisi kila mwisho wa mwezi.

Tena wafanyakazi wenyewe hawakuwa wamoja. Chukua Machi 1922. Johannesburg, wachimba madini Wazungu walikuwa kwenye uasi mkubwa dhidi ya kampuni, na mojawapo ya mabango yao liliwaita wafanyakazi wa dunia waungane kwa ajili ya Afrika Kusini ya Wazungu. Hebu fikiria. Walikuwa wanapinga bepari kuajiri Mwafrika kwa bei rahisi, na badala ya kudai Mwafrika alipwe sawa, walidai azuiwe. Mwezi huo huo, Nairobi, Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande, kodi na kupunguzwa mishahara. Tarehe 16 umati ulipokusanyika nje ya kituo cha polisi, ulimiminiwa risasi na zaidi ya watu 20 wakafa, akiwemo Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewasuta wanaume kwa uoga. Ukipita Barabara ya Harry Thuku pale Chuo Kikuu, uko karibu na damu hiyo.

Frantz Fanon, daktari wa Martinique aliyejiunga na vita vya uhuru wa Algeria, aliandika 1961 kwamba fikra za Marx zikifika koloni lazima zinyoshwe kidogo, kwa sababu huku rangi ndiyo inayoamua nani atakuwa tajiri. Mimi nasimama hapo. Hesabu inaeleza kwa nini mfumo ulijengwa. Rangi inaeleza nani alitiwa ndani yake na alivyodharauliwa.

Kenya ilikuwa na mtu aliyeelewa yote mawili. Makhan Singh alizaliwa Punjab 1913, akaja huku 1927, na alipoanza kuongoza chama cha wafanyakazi miaka ya 1930 alikifungua kwa rangi zote. Wakati ambapo Mhindi alikuwa na choo chake na Mwafrika chake, hilo lilikuwa jambo la hatari. Mwaka wa 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alisimama akadai uhuru kamili, sasa hivi. Mhindi, mkomunisti, mbele ya Waafrika, Eastlands. Mwezi uliofuata yeye na Kubai wakakamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa zaidi ya wiki moja. Mahakamani alikubali waziwazi kwamba yeye ni mkomunisti. Alizuiliwa hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11. Uhuru ulipokuja hakupewa kiti chochote cha maana, na alikufa 1973. Je, mtaani kwenu kuna barabara inayoitwa kwa jina lake?

Baada ya 1963 masharti ya rangi yalikufa. Waafrika wenye cheo na pesa walihamia vilimani, na kwa haki kabisa, kwani ardhi ni yao pia. Lakini kanuni za ukubwa wa kiwanja zilizolinda maeneo kama Muthaiga na Karen ziliendelea, kwa sababu wakazi wapya walizipenda kama wale wa zamani. Bei ikafanya kazi ya hati. Mwaka wa 1965 serikali ilitoa waraka wake maarufu wa Ujamaa wa Kiafrika, Nambari 10, uliokataa Umaksi na kusema mgawanyiko mkali wa matabaka wa kule Ulaya hauna nafasi kwetu. Mchumi mmoja kijana aliuliza hadharani: vipi kuhusu matabaka tunayoyatengeneza sasa hivi? Aliitwa Barack Obama. Baba, si mwana. Mwaka huo huo, Februari, Pio Gama Pinto, msoshalisti aliyekuwa mbunge, alipigwa risasi Westlands mbele ya nyumba yake, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari.

Ukitaka kuona hesabu ya Wolpe ikiwa hai, amka saa kumi na moja asubuhi usimame kwenye barabara inayotoka Mukuru kuingia eneo la viwanda. Wanaume na wanawake kwa maelfu, kwa miguu, wengi vibarua wa siku. Nauli haipo kwenye mshahara wao, ndiyo maana lazima walale karibu. Keja ni ya mabati na kodi inalipwa kabla ya tarehe tano. Maji wananunua kwa mtungi wa lita 20, na ukipiga hesabu lita hiyo ni ghali kuliko ya yule mwenye bomba na bustani. Au muulize jamaa wa pikipiki anayekuletea chipsi kupitia programu ya simu: pikipiki ni yake, mafuta ni yake, akianguka mguu ni wake. Kampuni inalipa safari peke yake. Anayemlisha akiwa kitandani ni mathe.

Na bado tutaambiwa tuongeze bidii. Kila wiki kuna mtu mtandaoni anayekuuzia siri ya kuamka mapema, kana kwamba watu wa Mukuru huamka saa nne.

Kitu kimoja zaidi kabla sijakuachilia. Mkoloni alitutenga kwa rangi, kisha akatutenga sisi kwa sisi kwa kabila, na hilo la pili lilibaki na kutumiwa na wengine. Mapema 2008, waliochomeana nyumba Mathare na Kibera walikuwa majirani wenye mishahara inayolingana na paa za bati zinazofanana. Juni 2024 vijana wa mitaa hiyo hiyo waliingia tao pamoja kwa sababu ya mswada wa fedha, na kwa mara moja swali la unatoka wapi halikuulizwa. Si mapinduzi ya Marx. Lakini watu walikuwa wanasoma bei ya mkate, mafuta na data, na wakaona ni ile ile kwa wote.

Ijumaa jioni pitia ofisi za vifurushi za mabasi yanayotoka mashambani. Utaona magunia ya viazi, maharagwe, ndizi na unga wa mtama, kila moja limeandikwa kwa kalamu nene jina la mtu mwenye kazi Nairobi na nambari yake ya simu. Huenda moja ni lako. Tafuta bei yake sokoni, andika hapo chini ya mshahara wako wa mwezi huu, uone ni nani mwingine anayekulipa.