Joto kidogo linavyovuruga mwanga ndani ya chipu

MWANGA unaosafirisha mazungumzo, picha na pesa za watu kupitia nyuzi za kioo huanzia na kuishia katika vipande vidogo vya nusukipitishi ambavyo havivumilii mabadiliko ya joto. Digrii chache tu za Selsiasi zikipanda au kushuka, rangi ya mwanga huo huhama kutoka pahala pake, na ujumbe wa mteja mmoja ukaingilia njia ya mwingine au ukapotea kabisa.

Ndani ya unyuzi mmoja wa kioo hupitishwa mawimbi mengi ya mwanga kwa wakati mmoja, kila moja likiwa na rangi yake ambayo jicho la binadamu haliwezi kuiona. Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi kebo za chini ya bahari, zikiwemo TEAMS na SEACOM zilizofika Mombasa mnamo 2009. Katika mpangilio uliozoeleka, wimbi moja hutengana na jirani yake kwa nanomita 0.8 hivi, na katika mifumo iliyobanwa zaidi kwa nusu ya kiasi hicho. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Leza iliyoundwa kwa indiamu fosfaidi, ambayo ndiyo hutumika sana katika mawasiliano ya mbali, huhama kwa takriban nanomita 0.1 kwa kila digrii moja ya joto. Digrii nane zatosha kuifikisha mlangoni pa jirani.

Kwa miaka mingi dawa ya tatizo hilo imekuwa kuikalisha leza juu ya kipozaji kinachohamisha joto kwa nguvu za umeme, kwa kanuni iliyogunduliwa na Mfaransa Jean Charles Peltier mnamo 1834. Kipozaji hicho ni cha kutegemewa. Hata hivyo, ni kilafi: aghalabu hutumia umeme mwingi kuliko leza inayolindwa. Penye leza moja gharama hiyo huvumilika, lakini penye mamia ya vifaa vya mwanga ndani ya chipu moja, haiwezekani kila kimoja kipewe kipozaji chake.

Na huko kwenye mamia ndiko teknolojia inakoelekea. Viwanda vimejifunza kuchonga njia za mwanga ndani ya silikoni, ile ile inayotumiwa kuunda chipu za kompyuta, kwa mitambo ile ile. Mnamo 2006, kampuni ya Intel na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, zilionyesha leza iliyounganishwa na silikoni. Mnamo 2025, kampuni ya Nvidia ilitangaza swichi za mtandao kwa ajili ya vituo vikubwa vya kompyuta, ambazo vifaa vyake vya mwanga hukaa bega kwa bega na chipu kuu. Vifaa hivyo hutumia pete ndogo sana za silikoni, nyembamba mno kuliko unywele, ambazo huukamata mwanga wa rangi moja na kuziacha nyingine zipite.

Pete hizo ndizo mgonjwa halisi katika kisa hiki. Silikoni inapopata joto, mwanga hupita ndani yake polepole zaidi, na wimbi ambalo pete hulikamata husogea kwa nanomita 0.07 au 0.08 kwa kila digrii. Pete yenye usikivu wa kawaida huanza kulikosa wimbi lake baada ya digrii moja au mbili tu. Fauka ya hayo, hakuna kiwanda kinachoweza kuchonga pete mbili zikafanana kabisa. Kosa la nanomita moja katika upana au kimo cha njia ya mwanga hulisogeza wimbi kwa nanomita moja hivi, pengine zaidi. Kwa hivyo, hata kabla ya joto la nje kuingia, kila pete tayari imekaa pasipo pake na sharti irekebishwe peke yake. Isitoshe, jirani yake ni chipu inayochemka kwa mamia ya wati, ambayo hupanda na kushuka joto kwa kadiri ya kazi inayopewa.

Suluhisho lililoenea laweza kumshangaza asiyezoea mambo haya: pete hupashwa joto zaidi. Juu yake hutandazwa utepe mwembamba wa metali, mathalan titani nitraidi, na umeme ukipita humo, utepe hupata joto na kuisukuma pete hadi kwenye wimbi linalotakiwa. Kwa vile utepe huo hauwezi kupoza, pete yote huwekwa tangu mwanzo katika kiwango kilicho juu ya joto kali kuliko yote ambalo chipu itakumbana nalo. Mazingira yakipoa, utepe huongeza bidii. Yakipata joto, hulegeza. Maana yake ni kwamba umeme unalipwa hata wakati ambapo hakuna ujumbe wowote unaopita.

Sehemu kubwa ya joto hilo hupotea bure. Utepe hauwezi kuwekwa karibu sana na njia ya mwanga kwa kuwa metali huufyonza mwanga, hivyo hutenganishwa nayo kwa tabaka la kioo la mikromita moja hivi. Chini ya pete kuna kioo kingine, na chini yake silikoni nene inayopitisha joto mara mia moja hivi kuliko kioo. Joto, kama maji, hufuata mteremko: hupita kwenye pete, likazama chini na kutoweka. Katika miundo ya kawaida, kuubadilisha mwendo wa mwanga kwa nusu ya wimbi hugharimu miliwati 20 au zaidi.

Hapo ndipo wahandisi wameonyesha werevu wao. Wengine huchimba mifereji pande zote za kifaa na kuikwangua silikoni iliyo chini yake, kikabaki kimening'inia hewani kama daraja. Joto likikosa pa kutorokea, miliwati chache tu hutosha. Lakini kila faida ina ushuru wake: kifaa kinachohifadhi joto vizuri huchelewa kupoa, na mwitikio uliokuwa wa mikrosekunde chache hurefuka mara nyingi zaidi. Daraja hilo pia ni jepesi kuvunjika. Wengine huukunja mfereji wa mwanga mara kadhaa chini ya utepe mmoja, joto lile lile likatumika tena na tena. Hila hii yaonekana rahisi kuliko zote, ingawa hula nafasi.

Kupunguza umeme ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni uthabiti. Chombo kidogo cha kupima mwanga huwekwa kando ya pete, na sakiti huutikisa utepe kidogo sana, juu na chini, ikitazama kama mwanga umeongezeka au umepungua, kisha huirudisha pete pahala pake. Sakiti hiyo haina budi kuwa makini, maana leza yenyewe ikififia, chombo huweza kudhani pete imehama. Aidha, joto la pete moja huvuja hadi kwa ya pili, ambayo nayo hujirekebisha na kuisumbua ya kwanza. Mwanga ukiwa mkali mno, pete hujipasha yenyewe na kuruka ghafla kutoka hali moja hadi nyingine.

Wapo watafiti wanaojaribu kuuepuka utepe kabisa. Baadhi huifunika pete kwa titani dioksaidi, ambayo hubadilika kinyume cha silikoni inapopata joto, ili mabadiliko hayo mawili yafutane. Mbinu hiyo huzuia pete isihame kwa sababu ya joto, lakini makosa ya kiwandani hubaki yalivyo. Wengine hutumia bariamu titaneti, ambayo huubadilisha mwendo wa mwanga kwa msukumo wa umeme pasipo joto. Madini hayo, hata hivyo, hayamo katika utaratibu wa kawaida wa viwanda vya chipu, na kila hatua mpya kiwandani huongeza bei ya kifaa.